Kabla Hujaenda Kutafuta Mchumba Mbele ya Kamera

Swali hili hunijia kwa sura nyingi. Msichana wa kwaya ameona tangazo la kipindi cha wachumba kwenye simu, anauliza ajaze fomu au aache. Kijana wa Kiislamu aliyekulia Uingereza anauliza kama anaweza kushiriki Love Is Blind na bado awe na uso wa kuingia msikitini siku ya Ijumaa. Mama mmoja aliniandikia kwa niaba ya binti yake, na barua nzima imejaa hofu. Wote humalizia na neno moja: nia yangu ni njema, natafuta mwenza wa kweli, na sitaki kumkosea Mungu wangu.

Nawaamini. Ndiyo maana leo najibu kwa urefu, kwani majibu mafupi niliyokuwa nikitoa hayakumsaidia mtu. Suala la halali na haramu kalipeleke kwa shehe wako, padri wako au mchungaji wako, mtu anayekufahamu. Mimi nitakueleza yale ambayo yeye huenda hayajui: vipindi hivi vinaendeshwaje, imani ya mshiriki hukwama wapi, na ufanye nini kabla hujafika hapo.

Katika yote niliyoyatazama, walioumia hawakuwa wenye imani haba. Ni wale walioacha uamuzi mpaka usiku wenyewe, wamechoka, hawana simu, hawana ndugu, na mbele yao yuko mtu waliyekwisha kumpenda. Uamuzi ufanye nyumbani, mezani, na kalamu mkononi, wiki kadhaa kabla ya safari.

Jua kwanza unakwenda wapi

Watu husema "kipindi cha wachumba" kana kwamba ni kimoja. Havifanani hata kidogo, na majaribu yake hayafanani.

- Vya jukwaani. Unapanda, unajieleza, unachaguliwa au unakataliwa mbele ya watu, kisha unarudi nyumbani kwako kulala. Watazamaji wa Kenya na Tanzania wamevizoea kupitia Hello Mr. Right ya StarTimes. Hapa hatari kubwa ni kuaibika, na aibu hupona.
- Mmoja kati ya wengi. The Bachelor ya Marekani imekuwa ikirushwa na ABC tangu 2002. Mwanamume mmoja, wanawake ishirini na ushee, na kila hatua anagawa maua ya waridi. Asiyepewa ua anafungasha. Wakibaki watatu, kila mmoja hupewa nafasi ya kulala na huyo mwanamume chumba kimoja, bila kamera.
- Kuchumbiana bila kuonana. Love Is Blind ilianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2020. Mnazungumza kupitia ukuta kwa siku kama kumi, mnachumbiana, ndipo mnaonana. Baada ya hapo ni safari ya pamoja, nyumba ya pamoja, kisha mbele ya mfungishaji ndoa.
- Kuozwa na wataalamu. Married at First Sight ilianzia Denmark mwaka 2013 na kuingia Marekani 2014. Mwenzako unamwona kwa mara ya kwanza siku ya ndoa. Miongoni mwa washauri wa kipindi cha Marekani amekuwamo mchungaji, Calvin Roberson. Usije ukadhani kuwapo kwa mchungaji kunakifanya kipindi kiwe cha kanisa.
- Vya mshenga. Jewish Matchmaking ya Netflix, 2023, ilimwonyesha mshenga Aleeza Ben Shalom akiwatafutia Wayahudi wenzake wachumba. Wamo washiriki wanaoshika sheria ya kutogusana kabla ya ndoa, na mshenga anafanya kazi ndani ya sheria hiyo bila kuwashangaa.

Ukiniuliza mimi, mtu aliyelelewa kwetu atapumua vizuri zaidi katika hicho cha mwisho. Mshenga tunamjua. Tumezoea kwamba kuna mtu mzima katikati, anayebeba maneno, anayechunguza ukoo, anayeweza kusema "hapana" kwa niaba yako bila kuvunja heshima ya mtu. Cha pili na cha tatu ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa sababu suala la nani analala wapi ni sehemu ya hadithi yenyewe. Huko utauhitaji ushauri huu wote.

Mkataba usomwe na penseli

Msichana mmoja alinijia na karatasi zake ndani ya bahasha ya kaki. Anaishi Marekani, wazazi wake ni watu wa Tanga, alikuwa amekuja likizo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, chai iko tayari."

Nilimpa penseli, nikamwambia tusome pamoja, na kila penye habari ya kulala, kunywa, kuondoka au sura yake, apige mstari. Chai ilipoa hatujaigusa. Alipofika kwenye kifungu kinachowaruhusu watengenezaji kutumia picha na maneno yake kwa namna yoyote wanayoona inafaa, hata kama itamfedhehesha, alikisoma mara tatu kwa sauti. Kisha akaniuliza, "Shangazi, hata kama sikusema hivyo?"

Hata kama hukusema hivyo. Vifungu vya namna hiyo ni vya kawaida katika mikataba ya vipindi hivi. Katika chumba cha uhariri, nusu ya sentensi uliyosema Jumatatu inaweza kuunganishwa na nusu uliyosema Alhamisi, ikatoka sentensi ya tatu ambayo hukuisema siku yoyote.

Si hilo tu. Mwaka 2022 Jeremy Hartwell, aliyekuwa msimu wa pili wa Love Is Blind, aliwashtaki watengenezaji huko California. Alidai washiriki walikuwa wakirekodiwa hadi saa 20 kwa siku kwa dola 1,000 kwa wiki, pombe ikimiminwa huku chakula na maji vikibanwa, na kwamba mkataba uliwatishia kulipa dola 50,000 wakiondoka mapema. Watengenezaji walikana. Mwaka 2024 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.4. Mtu aliyekosa usingizi, ana njaa na glasi imejaa, msimamo wake unalegea kabla hajajua umelegea.

Kwa hiyo uliza haya, na majibu uyapate kwa maandishi, si kwa simu wala kwa "usijali dada, tutaelewana":

1. Nikitaka kuondoka siku ya tano, nadaiwa nini?
2. Nitalala wapi, na nani, na je, naweza kupewa chumba changu peke yangu hata baada ya uchumba?
3. Nikikataa usiku wa faragha, ninatolewa kwenye kipindi?
4. Chakula cha halali kitapatikana? Nikifunga, futari na daku nitapata saa ngapi?
5. Naweza kuingia na Biblia au msahafu wangu wa karatasi?
6. Nikiwa na shida ya moyo au ya roho, naruhusiwa kumpigia nani nje, na baada ya muda gani?
7. Harusi ikifungwa kipindini, ni ndoa kamili kisheria?

Kama una uwezo, mlipe wakili asome naye. Na ukiambiwa saini leo leo au nafasi inakwenda kwa mwingine, iache iende.

Yule binti aliwapelekea maswali yake. Walimkubalia chakula na muda wa swala. Chumba cha peke yake baada ya uchumba hawakukubali. Hakusaini. Alilia kidogo, sitakuficha, kwa sababu alikuwa amekwisha kujiona yuko huko.

Andika mipaka yako kabla ya kufunga begi

"Nitajiheshimu" si mpaka, maana saa sita usiku kila mtu anaweza kulitafsiri neno hilo atakavyo. Mpaka ni sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma akasema umeivuka au hujaivuka. Mfano:

- Sitalala chumba kimoja na mtu ambaye si mume wangu, kamera ziwepo au zisiwepo.
- Sinywi pombe. Si glasi ya kupongezana, si ya kupiga picha.
- Kugusana kwetu kutaishia hapa: (andika mwenyewe, bila aibu, uwe mkweli).
- Sitavaa vazi la kuogelea mbele ya kamera. Au nitavaa hili, na hili tu.
- Sitamsema mshiriki mwenzangu asiyekuwapo.

Hilo la mwisho wengi hulisahau. Tunaogopa zinaa, tunasahau kusengenya, na vipindi hivi hula masengenyo kuliko mapenzi. Mtayarishaji atakukalisha kitini na kukuuliza kwa sauti laini unamwonaje fulani. Ukijibu mara moja, swali hilo utaulizwa kila siku.

Orodha yako itoe nakala mbili. Moja mwachie mzazi au ndugu, ya pili mtu wa imani unayemwogopa kidogo. Nimesema unayemwogopa. Rafiki atakayekuambia "maisha ndiyo haya" hafai kazi hii.

Kuhusu pombe niongeze neno. Mwaka 2017 upigaji picha wa Bachelor in Paradise, kipindi ndugu cha The Bachelor, ulisimamishwa kwa muda baada ya malalamiko kuhusu tukio lililohusisha washiriki na ulevi, na washiriki wa baadaye wamesimulia kuwekewa kikomo cha vinywaji viwili kwa saa. Viwili kwa saa, mwanangu, katika usiku wa saa nane. Kikomo hicho hakikutungwa kwa ajili ya swala yako ya alfajiri. Chukua glasi ya maji yenye ndimu, ishike usiku kucha, hakuna atakayekusumbua.

Sema mapema, na useme kwa upole

Hapa ndipo waumini wengi wanapoteleza, na mfano ulio wazi ni wa Madison Prewett katika The Bachelor ya 2020. Ni Mkristo mwenye msimamo, alikuwa ameamua kusubiri ndoa. Lakini jambo hilo Peter Weber, rubani aliyekuwa akitafuta mke, alilielewa kwa uzito wake mwishoni, wakati zile nyakati za faragha zimekwisha kufika. Ndipo akaambiwa kwamba akiwa na wengine usiku ule, itakuwa vigumu kwa Madison kuendelea. Peter hakuwa amejiandaa, na yakatokea. Madison aliondoka kabla ya uamuzi wa mwisho. Baadaye wakajaribu tena, mama yake Peter akapinga uhusiano huo hadharani studioni, na baada ya siku mbili wakatangaza kwamba wameachana.

Simlaumu Madison kwa msimamo wake, naupenda. Miaka miwili baadaye aliolewa na mtu mwingine, Grant Troutt, wa imani kama yake. Ninachokuomba ni kutazama saa. Jambo lililosemwa wiki ya kwanza linapokewa kama habari kukuhusu. Likisemwa siku ya mwisho linapokewa kama sharti, hata kama ni maneno yale yale.

Linganisha na Sean Lowe, aliyekuwa Bachelor mwaka 2013. Imani yake ilijulikana mapema. Yeye na Catherine Giudici walipochumbiana, walisema wazi kwamba watasubiri hadi ndoa, wakaoana tarehe 26 Januari 2014. Alikuwa mwanamume wa kwanza katika kipindi kile kumwoa yule yule aliyemchagua kwenye fainali.

Useme vipi? Mazungumzo ya kwanza au ya pili yenye utulivu, sema kwa sentensi fupi, kisha nyamaza:

"Mimi ni Mwislamu ninayeswali. Siwezi kulala chumba kimoja na wewe kabla ya nikahi. Nakuambia leo ili usipoteze muda wako wala wangu."

"Nimeokoka, na nataka ndoa ya kanisani. Kama hilo ni zito kwako, sitakuchukia ukiniambia sasa."

Usieleze sana. Usihubiri. Usiombe radhi pia, kwani hujamkosea mtu. Akicheka, umepata jibu. Akikuuliza maswali ya kutaka kuelewa, mwambie yote.

"Lakini shangazi, nikisema mapema si nitatolewa?"

Huenda. Na kutolewa mapema kwa sababu umesema ukweli ni matokeo mazuri. Umerudi nyumbani ulivyoondoka. Ukilijibu swali hili moyoni mwako na ukaona huwezi kukubali kutolewa, basi jichunguze: unatafuta mwenza, au unatafuta kuonekana? Kutaka kuonekana si uhalifu, ila usimfunike mtu mwingine kwa shuka la uchumba.

"Basi si bora nisiende kabisa?"

Kwa wengi wenu, ndiyo. Nasema hivi bila kumdharau aliyekwenda. Kama umeachika juzi, kama umefiwa karibuni, kama unamwendea Mungu kwa tabu siku hizi, kama una mtoto mdogo anayekuhitaji kila usiku, usiende mwaka huu. Lakini siwezi kusema hakuna jema lililotoka huko. Lauren Speed na Cameron Hamilton walikutana kupitia ukuta kule Atlanta mwaka 2018, msimu wa kwanza wa Love Is Blind, wakaoana ndani ya kipindi, na ndoa ikasimama.

Imani iulizwe kwa undani

Msikubaliane kwa neno "mimi pia ninasali." Watu wawili wanaweza kusema sentensi hiyo, mmoja akimaanisha Krismasi na mwingine akimaanisha alfajiri. Katika msimu wa nane wa Love Is Blind, uliopigwa Minneapolis na kuonyeshwa 2025, Sara Carton alifika mbele ya Ben Mezzenga siku ya harusi na kusema hapana. Walikuwa wamezungumza kuhusu kanisa la Ben na masuala ya jamii, likiwamo suala la mapenzi ya jinsia moja. Sara hakupata kwa Ben majibu aliyoyahitaji. Mtu anaweza kumuunga mkono Sara au Ben. Kwangu funzo ni dogo na la kikazi: maswali yale yalistahili kuisha kabla gauni halijashonwa.

Uliza:

- Unasali wapi, na mara ya mwisho kwenda ilikuwa lini?
- Kiongozi wako wa dini anaitwa nani? Naweza kukutana naye?
- Kanisa lako au msikiti wako unafundisha nini kuhusu mke na mume, na wewe unakubali lipi, unakataa lipi?
- Watoto watalelewa dini gani? Watabatizwa? Watakwenda madrasa?
- Zaka na sadaka unatoa? Kiasi gani kwa mwezi?
- Kama ni dini tofauti: nani anatarajia nani abadili? Umeshamwambia mama yako?
- Talaka unaionaje?

Swali la sadaka huwachekesha watu. Liulize. Mtu huweza kupamba maneno kuhusu imani yake, lakini akiulizwa kiasi cha fedha lazima afikirie.

Na jihadhari na mtu anayeigeuza dini kuwa fimbo. Mwaka 2019, katika The Bachelorette, ambako mwanamke ndiye anayechagua kati ya wanaume, msimu wa Hannah Brown, ambaye ni Mkristo, mshiriki Luke Parker alimwambia wakiwa Ugiriki kwamba angeondoka iwapo angejua Hannah amekuwa na mwanamume mwingine. Hannah alimrudisha nyumbani. Tofauti ni hii: mwenye imani huzungumzia mipaka *yake*. Mwenye fimbo huzungumzia ya *kwako*, tena kwa kukuhoji. Ukimsikia mchumba wa siku kumi anakuhesabia dhambi kwa jina la Mungu, usiite ucha-Mungu.

Ibada katika nyumba yenye kamera

Simu huchukuliwa siku ya kwanza. Watu wanalijua hilo, ila hawafikirii maana yake: saa za swala zilikuwa kwenye simu, kibla kilikuwa kwenye simu, Biblia ilikuwa kwenye simu, hata kengele ya kukuamsha. Kwa hiyo beba:

- ratiba ya swala ya mji huo iliyochapwa kwenye karatasi, ya miezi miwili;
- dira ndogo na saa ya mkononi yenye kengele;
- Biblia, kitabu cha nyimbo, rozari au msahafu, kwa idhini uliyokwisha kuipata kwa maandishi;
- mkeka mwepesi wa swala na khanga mbili za ziada;
- daftari. Kila usiku andika mistari mitano: nimesema nini, nimefanya nini, nimehisi nini.

Daftari hilo lina kazi mbili. Linakufanya uongee na Mungu wako kwa ukweli, na miezi ikipita, ukitazama kipindi na kuona umesema jambo usilolikumbuka, una pa kuangalia.

Kipaza sauti kinachobanwa nguoni huwa wazi muda mrefu. Kabla ya swala au maombi mwambie fundi sauti, kwa adabu, akivue. Fanya urafiki naye siku ya kwanza, jua jina lake. Nimejifunza kwamba watu wa kazi za chini katika jambo lolote ndio wanaokulinda.

Kuhusu kuombwa usali mbele ya kamera, uamuzi ni wako. Rai yangu: kataa wiki ya kwanza. Ibada ikishageuzwa kuwa pambo la kipindi, utajikuta unasali saa wanayotaka wao, mahali penye mwanga mzuri.

Makosa yanayojirudia

*Kumfanya mtayarishaji kuwa padri.* Ni mtu mzuri, anakusikiliza, anakuletea leso ukilia. Lakini yuko kazini, na kilio chako ni sehemu ya kazi. Ya kuungama yaweke.

*"Mungu ameniambia ni huyu."* Siku ya sita. Nakusihi, usiliseme kwa mwenzako hata ukiliamini. Unamfunga mtu asiweze kukataa, kwa sababu atakayekukataa ataonekana anamkataa Mungu. Litunze. Kama ni kweli, litakuwa kweli hata mwezi wa sita.

*Kudhani upweke ni upendo.* Ukimnyima mtu simu, muziki, ndugu na kazi, kisha ukampa sauti moja tu ya kuzungumza naye, ataipenda sauti hiyo. Upendo unaweza kuwa wa kweli, lakini hautapimika mpaka mkae pamoja kwenye foleni ya benki.

*Kutochunguza.* Hannah Brown huyo huyo alichumbiwa na Jed Wyatt, mwanamuziki wa Nashville, kisha ikajulikana kwamba Jed alikuwa na msichana nyumbani alipoondoka kwenda kipindini. Uchumba ulivunjika. Kwetu mshenga angelijua hilo kabla ya chai ya pili. Wewe utakapotoka tu, kabla ya mambo mengine yote, tuma mtu mzima aulizie alikotoka.

Pete ni pete, ndoa ni ndoa

Katika msimu wa kwanza wa Love Is Blind, tangu kusikia sauti hadi siku ya harusi zilikuwa siku 38. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 itolewe kabla ya kufunga ndoa, yaani zaidi ya nusu ya muda huo wote. Wazee waliotunga utaratibu wa matangazo, ya kanisani na ya serikali, walijua kwamba maneno mengine hujitokeza mtu akipewa nafasi ya kuyaleta.

Mwislamu, kumbuka ndoa yako inahitaji walii, mashahidi wawili na mahari. Mfungishaji aliyekodiwa na kipindi hakuletei walii. Mkatoliki, ndoa iliyofungwa hotelini bila idhini ya Kanisa haitambuliwi na Kanisa, ila serikali ya Marekani itakutambua kuwa umeoa, na kuachana kutahitaji mahakama.

Fanya hivi:

1. Tangu mwanzo, waambie watengenezaji na mchumba wako kwamba utafika hadi posa tu. Ndoa itafuata nyumbani.
2. Kama kanuni za kipindi zinadai jibu mbele ya madhabahu, mwambie mwenzako jibu lako faraghani kabla ya siku hiyo. Kumkatalia mtu mbele ya mama yake aliyevaa nguo ya harusi ni ukatili, hata ukiwa na haki ya kukataa.
3. Mkishatoka, kaeni nyumba mbalimbali. Nendeni kwenye mafunzo ya ndoa kanisani, au kwa shehe, kama wachumba wengine wote.

Kipindi kitakaporushwa

Msimu ule wa kwanza wa Love Is Blind ulipigwa 2018 na ukaonyeshwa 2020. Zaidi ya mwaka mzima, washiriki wanabeba siri ambayo mkataba unawakataza kuitoa. Utaulizwa msikitini, utaulizwa jumuiya, na hutaki kusema uongo. Jiandalie jibu la kweli lisilovunja mkataba: "Kuna mambo sijaruhusiwa kuyasema, nitakueleza wakati ukifika." Lirudie kila mara hivyo hivyo.

Rudi kwenye ibada wiki ile ile uliyorejea, usingoje kipindi kirushwe ndipo upime watu watakuonaje. Kama uliteleza huko, tubu sasa, kwa anayestahili kusikia. Watakapoyaona kwenye runinga, yatakuwa yamekwisha kati yako na Mola wako, na nyuso za watu utazimudu. Siku za kurushwa, mpe ndugu simu yako asome maoni ya watu kwa niaba yako, wewe usisome.

Mwisho ni wazazi. Kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, kaa na mama na baba, uwaeleze kwa mdomo wako kila jambo unalokumbuka ambalo litawashtua: lile busu, ile hasira, ile nguo. Usilifunge mafumbo. Usiku wenyewe uwe nao sebuleni, palepale kwenye kochi, hata kama moyo unakuambia ukae chumbani. Kikifika kipande kibaya, mshike mama yako mkono.